Saa Nyembamba za Milima ya Jura

Ukitoka Neuchâtel kwenda La Chaux-de-Fonds, treni hupanda mlima kidogo tu ikafika kituo cha Chambrelien, ikagota. Reli imeishia hapo. Dereva anachukua mkoba wake, anatembea kando ya mabehewa hadi mkiani, anaingia kwenye chumba cha upande wa pili, na safari inaendelea kinyumenyume: uliyekuwa ukitazama mbele sasa unatazama ulikotoka. Abiria wenyeji hawainui hata macho. Wahandisi wa karne ya 19 waliona mlima ni mkali mno kuupanda moja kwa moja, wakatafuta ujanja huo, na hadi leo watu wanakwenda kazini hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa nakwenda kutazama saa. Si hizi kubwa za siku hizi, zenye vitufe ubavuni na uzito wa kuchosha kiwiko. Nazungumzia saa za mtoko zilizotengenezwa Uswisi kati ya miaka ya 1940 na 1960: kasha la duara la milimita 33 hadi 36, uso mweupe au wa rangi ya maziwa, mishale miwili, kijisaa cha sekunde pale kwenye namba 6, basi. Hazina betri; asubuhi unazitia ufunguo kwa kidole gumba na cha shahada, unasikia meno yakipokea, kamani inakaza, na shughuli imeanza. Zilitengenezwa zikae chini ya mkono wa shati zisisumbue. Mwanaume akivaa moja leo mjini kwetu, kuna wa kumuuliza kama ameazima ya mama yake.

Kilichonipandisha mlima ule ni kwamba saa hizi hazikuwa anasa. Zilikuwepo za anasa, bila shaka: Patek Philippe wa Geneva walitoa Calatrava yao namba 96 mwaka 1932, milimita 31 hivi tu, na wengi wetu tunaoipenda tumeishia kuitazama nyuma ya kioo. Lakini nyingi zilinunuliwa na karani, mwalimu, mkuu wa stesheni, bwana harusi aliyejikusanyia mishahara. Zilitoka kwa mamilioni. Na bado ukifungua kifuniko cha nyuma cha saa ya karani unakuta kingo zilizonolewa na skrubu zilizong'arishwa, mahali ambapo karani mwenyewe hatapaona maisha yake yote. Nani alimlipa fundi kwa kazi hiyo, na kwa nini?

Jibu linaanza njiani. Kabla ya Chambrelien treni hupita Corcelles-Peseux. Peseux ni jina wanalolijua mafundi saa wa dunia nzima, kwa kuwa kiwanda cha hapo kilitoa mashine nyembamba zilizovikwa makasha ya kampuni chungu nzima, kila kampuni ikiandika jina lake usoni. Mbele zaidi, bondeni, kuna Fontainemelon, ambako tangu 1793 walikuwa wakitengeneza mashine ghafi za kuwauzia wengine wakamalizie. Ndivyo biashara ilivyokwenda katika milima hii. Huyu anakata mabamba, yule magurudumu ya meno, mwingine anatoboa mawe, mwingine anapaka nyuso, mwingine mishale, mwingine makasha, na mwenye jina anaunganisha na kukagua. Kuanzia 1934 serikali iliuweka mpango huo chini ya sheria: hufungui kiwanda cha saa wala hukipanui bila kibali, na vipuri haviendi nje kiholela. Wenye viwanda nao walikuwa wamekubaliana bei. Ulikuwa ukiritimba, hakuna jina jingine. Lakini pale ambapo kila mtu ananunua mashine kwa watu walewale na bei haishushiki, kinachobaki cha kushindania ni uzuri wa kazi. Sisi tunaokuja kuokota saa hizo miaka sabini baadaye tunakula matunda ya sheria ambayo huenda tungeipigia kelele.

La Chaux-de-Fonds upo mita 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, hauna mto wala ziwa, na theluji yake haina mzaha. Hakuna aliyeujenga hapo kwa ajili ya mandhari. Moto uliuteketeza sehemu kubwa mwaka 1794, ukajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka na kwenda sambamba, na mpango wa mhandisi Charles-Henri Junod wa mwaka 1835 ndio unaoukanyaga hadi leo. Mgeni wa kwanza anaweza kuuona mji mkavu, wa kikambi. Ngoja utembee. Safu za nyumba zimepandiana mteremkoni, kila moja imeachiwa bustani au barabara mbele yake ili jirani asiizibie jua. Inua macho uone ghorofa za juu: madirisha yamepangwa yakikaribiana, ukuta umekuwa kioo. Humo ndimo walimokaa mafundi, benchi chini ya dirisha, kiwiko juu ya benchi, jicho moja kwenye lenzi. Fundi saa wa karne ya 19 alihitaji mwanga kuliko alivyohitaji nafasi, na mji mzima ulichorwa kwa hesabu hiyo. Mwaka 2009 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia pamoja na jirani yake, Le Locle.

Karl Marx aliuona mapema. Katika buku la kwanza la Das Kapital, mwaka 1867, aliutaja kuwa ni kiwanda kimoja kikubwa cha saa, na kazi za saa akaziorodhesha moja baada ya nyingine kwa subira ya karani wa forodha. Mwenzake na hasimu wake, Bakunin, alipata wafuasi bonde la pili, Saint-Imier, ambako mwaka 1872 wapinga dola walifanya mkutano wao mkuu. Mafundi saa walikuwa wasomaji. Kazi ya kimya, ya kukaa, inayompa mtu muda wa kuwaza na kubishana na aliye benchi la pili. Saint-Imier hiyohiyo ndiyo nyumbani kwa Longines, tangu 1832, na ndiko zilikotoka saa za West End Watch Co. zilizouzwa India na nchi za Ghuba. Wasomaji wangu wa Muscat huenda wanaijua moja kwenye kabati la mzee. Na mtoto mmoja wa La Chaux-de-Fonds aliyefundishwa kuchora nakshi kwenye makasha ya saa, baba yake akiwa mpakaji wa nyuso za saa, aliacha kazi hiyo akajenga nyumba: Charles-Édouard Jeanneret, ambaye dunia inamjua kwa jina la Le Corbusier.

Kuna kundi moja ambalo majina yake hayapo popote. Kamani ndogo inayorudisha gurudumu la mizani, ile nyembamba kuliko unywele, ilifungwa na kurekebishwa hasa na wanawake. Wengi walifanya kazi hiyo nyumbani, trei ya saa ikiletwa asubuhi na kuchukuliwa jioni. Saa ikienda mbele au ikirudi nyuma, ni vidole vya mama huyo vilivyokuwa vimeamua. Juu ya uso pameandikwa jina la bwana mwenye kiwanda.

Jumba la makumbusho, Musée International d'Horlogerie, limezamishwa nusu chini ya bustani tangu 1974. Lina saa za jua, saa za minara, saa za wafalme zenye ndege wanaoimba. Nilizipita haraka, nisamehewe. Nilisimama kwenye jambo dogo: joto. Chuma kikipata joto hulegea, na saa yenye kamani ndogo ya chuma cha kawaida huchelewa. Ingetolewa kwenye theluji ya Jura ikapelekwa Tanga mwezi wa pili, ingepoteza dakika kadhaa kwa siku. Mafundi walihangaika na tatizo hilo vizazi na vizazi kwa mizani za metali mbili zilizounganishwa. Kisha Charles-Édouard Guillaume, mtoto wa fundi saa kutoka Fleurier, si mbali na hapo, akachunguza michanganyiko ya chuma na nikeli hadi akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920. Miaka ya 1930 Reinhard Straumann akaleta aloi iliyoitwa Nivarox, na kuanzia hapo saa ya mkononi ya bei ya kawaida ikaweza kuvuka bahari bila kubadili mwendo. Wakati huohuo, La Chaux-de-Fonds wakatoa Incabloc: kispringi cha umbo la kinubi kinacholishika jiwe la mizani, saa ikianguka jiwe linasogea na kurudi mahali pake, na ncha ya mhimili, yenye unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita, haivunjiki. Ndiyo maana ninaitetea miaka ile, ya 1940 hadi 1960. Kabla yake saa ya mkononi ilikuwa dhaifu. Baada yake ilikuwa imeanza kunenepa.

Duka nililokuwa nimeelekezwa lipo kwenye mtaa wa pembeni, hatua chache kutoka Avenue Léopold-Robert. Halina kibao cha maana. Mwenyewe ni mzee mwenye koti la bluu la kazi, lenzi imeegeshwa kwenye paji la uso, na hana haraka ya kuuza. Aliniuliza natoka wapi.

"Dar es Salaam, bwana."

"Ni pwani?"

"Pwani kabisa."

Akakunja uso. "Unyevu na jasho," alisema, kwa sauti ya daktari aliyekwishaona cheti. Saa hizi nyingi kifuniko chake ni cha kubana tu, hakina mpira wa kuzuia maji, na kutu ikishaingia kwenye mhimili wa ufunguo huenda kila mahali. Sikubishana naye. Mafundi saa wa Kariakoo na wa Mombasa, wale wenye meza ndogo na sanduku la kioo kibarazani, watakwambia hilohilo.

Alinitolea Omega ya katikati ya miaka ya 1950, ya chuma cha pua. Aliingiza kisu kidogo kwenye mfereji wa kifuniko, akazungusha mkono kidogo, kikafunguka kwa mlio mfupi. Mashine ilikuwa ya rangi ya shaba nyekundu, ile rangi ambayo Omega walizipaka mashine zao na ambayo haichujuki. Nikapewa lenzi. Gurudumu la mizani lilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia kwa saa ya ukubwa ule, likipiga mara 5 kwa sekunde, 18,000 kwa saa, na katikati yake kamani ndogo ikipanuka na kujikunja. Chini yake kijipande cha umbo la nanga kinatikisa kichwa kushoto na kulia, kila mtikiso kikiruhusu jino moja la gurudumu lipite. Mlio tunaouita tik-tak ni jino hilo likigonga jiwe. Mawe yenyewe ni yakuti nyekundu za kutengenezwa kiwandani, kwa njia aliyoitangaza Mfaransa Auguste Verneuil mwaka 1902. Yapo 17 kwenye mashine ya namna hii. Hayakuwekwa kwa urembo: jiwe gumu lililotobolewa vizuri halilikwi na mhimili, na hushikilia tone la mafuta lisikimbie.

Ukubwa wa mizani ile una sababu. Vituo vya kutazamia nyota vya Neuchâtel na Geneva vilikuwa vikishindanisha saa kila mwaka, na kwa saa za mkononi kanuni ilisema mashine isizidi milimita 30. Wahandisi wa Omega, Biel, wakachukua milimita zote 30 walizoruhusiwa, wakagawa nafasi hiyo ili mizani na pipa la kamani viwe vikubwa iwezekanavyo, na mwaka 1939 mashine ikaingia sokoni. Toleo lililorekebishwa kwa mikono ya mafundi bingwa lilikwenda kushindana na kushinda. Toleo la kawaida, lenye mifupa ileile, likavikwa kasha la chuma na kuuzwa kwa karani. Kufikia mapema miaka ya 1960, mashine za ukoo huo karibu milioni 3 zilikuwa zimetoka. Saa ya namna hii ikiwa imesafishwa vizuri hupotea sekunde 10 kwa siku, yaani sehemu moja katika 8,640. Simu yangu ni sahihi zaidi, nakubali. Simu yangu pia sijawahi kutamani kuifungua.

Mzee aliifunga, akaigeuza. Mishale ilikuwa ya ule mtindo wa majani membamba yaliyochongoka, kila mmoja una mgongo katikati: ubavu mmoja umeng'arishwa, mwingine umepigwa msasa. Ukiinamisha mkono ubavu mmoja unawaka na mwingine unakuwa mweusi, halafu vinabadilishana. Kazi hiyo yote iko kwenye kipande cha chuma kisichofika nusu ya njiti ya kiberiti. Alama za saa zimepachikwa moja moja. Maandishi yamepigwa kwa mpira laini unaonyanyua wino kutoka kwenye bamba la nakshi. Uso, lakini, ulikuwa umeota madoa: upande wa namba 4 rangi ya maziwa imekwenda kuwa ya chai.

Akanitolea nyingine, modeli hiyohiyo, uso unameta. Bei yake ilikuwa chini. Nikajua kwa nini kabla hajasema. Ile ya pili uso wake umekwanguliwa na kupakwa upya. Ukitumia lenzi unaona herufi zimevimba, vijistari vya dakika havikutani sawasawa na alama zilizopachikwa, na neno SWISS pale chini limesogea. Wapo wanaopenda saa ing'ae, na pesa ni yao. Kwangu mimi uso uliopakwa upya umefuta jambo pekee ambalo hakuna kiwanda kinachoweza kulirudia. Doa la chai nitaishi nalo.

Kisha, bila kuombwa, akavuta droo. Ndani mlikuwa na mashine tupu, kila moja kwenye kikopo chake cha plastiki, zaidi ya mia bila shaka. Longines, Omega, Zenith wa Le Locle, IWC wa Schaffhausen. Nyingine zilikuwa na nyuso na mishale yake, zimebaki bila kasha tu. Niliokota moja na kutia ufunguo kidogo. Ikaanza kutembea palepale kiganjani.

"Dhahabu," alisema mzee.

Sikuhitaji maelezo marefu, ingawa aliyatoa. Mwaka 1967, kule chini Neuchâtel, watafiti wa Uswisi wenyewe walipeleka kwenye mashindano saa za mkononi za majaribio zinazoendeshwa na fuwele ya kwazi, zikaziacha mbali saa zote za magurudumu. Siku ya Krismasi ya 1969 Seiko wa Japani wakatangulia kuiuza dukani. Yaliyofuata kila familia ya mji ule inayo ya kwake ya kusimulia: katika tasnia ya saa ya Uswisi kulikuwa na ajira 90,000 hivi mwaka 1970, na katikati ya miaka ya 1980 zilibaki kama theluthi moja. Saa ya kutia ufunguo ikawa kitu cha aibu, cha mtu asiyekwenda na wakati. Januari 1980 dhahabu ikapanda hadi dola 850 kwa aunsi. Wenye saa za dhahabu wakazipeleka zikapimwe. Mnunuzi alitoa mashine, akaitupa au akaigawa, na kasha likaenda kuyeyushwa. Ndani ya makasha hayo palikuwa na mihuri midogo ya serikali, kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwa dhahabu ya karati 18, na kindi kwa ya karati 14. Mzee alinionyesha kindi mmoja aliyesalimika, kwa lenzi, mkia umesimama. Fundi aliyechonga muhuri ule alijali hata mkia.

Nikamuuliza kama angezivalisha makasha mapya mashine za kwenye droo. Akatikisa kichwa. Wapo wanaofanya hivyo, alisema, makasha ya kisasa makubwa yenye kioo nyuma ili mashine ionekane. Hakuonekana kuwapenda. Nadhani ninamwelewa: mashine ile ilipambwa bila kutegemea kuonekana, na ukiiwekea dirisha unaigeuza maonyesho. Lakini pia droo imejaa, na mashine iliyofichwa gizani miaka arobaini haimfaidii mtu. Suala hilo sijalimaliza kichwani.

Tulipatana bei ya yenye doa. Faranga 700, baada ya mimi kujaribu 600 na yeye kujifanya hakusikia. Aliifunga ukanda wa ngozi nyeusi, akaitia ufunguo, akaiweka kwenye kipaza sauti cha kupimia mwendo, ikachora mstari ulionyooka kwenye skrini. Akanipa masharti: usinawe nayo, usiiache karibu na spika, itie ufunguo muda uleule kila siku, ukifika ukinzani usilazimishe, na ipelekwe kusafishwa kila baada ya miaka minne au mitano, kwenu pwani, mitatu.

"Una fundi?"

Nikasema ninaye, Kariakoo, mzee wa makamo yake, mkono haujaanza kutetemeka.

"Anatumia mafuta gani?"

Hapo nikanyamaza. Nilishawahi kumwona fundi wangu akifungua, akisafisha, akipuliza, lakini chupa yake haina karatasi. Mzee akanitazama juu ya lenzi, akainuka, akaenda nyuma ya pazia, akarudi na kichupa cha Moebius kisichozidi ukubwa wa kidole cha mtoto. Tone moja kwa kila jiwe, alisema, na tone lenyewe liwe la kuonekana kwa lenzi tu; mwambie asizidishe. Akakifunga kichupa kwa karatasi, akakiweka kwenye kisanduku pamoja na saa, akanipa mkono. Niliposhukuru kwa zawadi alikuwa ameshaiandika kwenye risiti, mstari wa pili, chini ya saa.